Nilivyokata mzizi wa fitina kuhusu picha ya Ntiro

Mimi ni mtu wa Machame, Kilimanjaro, na ninafundisha sanaa. Kila nikisikia kwamba picha ya mchoraji wetu Sam Ntiro iliyoko New York "tuliporwa na wakoloni", au "aliwagawia mwenyewe alipokuwa balozi", damu inanichemka. Safari hii nikasema suala hili nalimaliza.

Ushauri niliopewa ulikuwa wa kupoteza muda. Ofisi moja iliniambia niandike barua rasmi, nigonge mhuri, nisubiri. Muhula ukaisha, jibu hakuna. Msianze na barua!

Kumbe jawabu liko wazi kwenye tovuti ya MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yenye picha hiyo. Andika "Ntiro" tu. Inakuja picha ya mwaka 1956, rangi ya mafuta kwenye turubai: wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Wengi wanatazama picha na kuondoka. Mimi nikashuka hadi kwenye ule mstari mdogo wa maelezo, na utamu wote ulikuwa humo: Mfuko wa Elizabeth Bliss Parkinson, 1960. Makumbusho wakipewa kitu bure huandika ni zawadi ya fulani. Wakitaja mfuko, ujue pesa ilitoka. Na mama huyo hakuwa mpita njia: shangazi yake, Lillie Bliss, ni mmoja wa wanawake watatu walioanzisha MoMA mwaka 1929, na yeye mwenyewe baadaye akawa rais wake.

Sasa panga tarehe. Picha imeingia 1960. Tanganyika imepata uhuru Desemba 1961, na ubalozi wa Ntiro kule London ni wa baada ya hapo. Balozi gani atoe zawadi wakati nchi haijawa na balozi? Mzee mmoja aliyekuwa mbishi kuliko wote akaniambia, "Mwalimu, hapo umenishika."

Darasani nilikata boksi la sabuni kwa kipimo cha picha yenyewe, kama sentimita 41 kwa 51, nikalibandika ubaoni. Wanafunzi walidhani inajaza ukuta. Kumbe hata sinia la pilau linaizidi! Mkitaka kuwaonyesha picha yenyewe, toeni kopi ya rangi steshenari. Msitoe ya nyeusi, mtawadhulumu watoto.

Sasa nimeanza kufuatilia picha za Ntiro zilizoko Chuo cha Makerere, Uganda, alikosoma sanaa kwa mwalimu Margaret Trowell. Mwenye fununu ya namna zilivyoingia pale aniambie.