Chunusi za mwanzo za mtoto: usimkwaruze uso

Mara nyingi huanzia puani. Mtoto kaoga alfajiri, saa nne pua inang'aa kama imepakwa mafuta. Baada ya wiki chache, kwenye paji la uso, pale ukingo wa mtandio au kofia unapokaa, vinatokea vipele vidogo vya rangi ileile ya ngozi. Havina usaha, havimuumi, na huvioni mpaka umgeuze kwenye mwanga wa dirisha. Ana miaka 9, 10 au 11, na nyumbani bado anahesabiwa mdogo.

Si uchafu, na wala si damu chafu inayotafuta njia ya kutokea. Tezi zilizo juu ya figo huanza kutoa homoni mapema, kwa kawaida kati ya miaka 6 na 8, kabla balehe haijaonekana kwa macho. Homoni hizo huamsha tezi za mafuta za usoni. Mafuta yanazidi, seli zilizokufa zinagandana mdomoni mwa kitundu cha ngozi, kitundu kinaziba. Kikibaki kimefunikwa utaona kidoa cheupe. Kikiwa wazi, mafuta na rangi ya ngozi vilivyo mdomoni hugeuka vyeusi kwa kukutana na hewa. Weusi huo si vumbi la vichochoro vya mtaa wa Langoni hapa Lamu, kwa hiyo dodoki haliwezi kuutoa hata usugue mpaka jioni.

Na kwenye kusugua ndipo tunapowaharibia watoto. Kipele kimoja chenye uvimbe mara nyingi hukaa siku chache au wiki moja mbili, kikaondoka. Kwa ngozi nyeusi na ngozi ya maji ya kunde kinachobaki ni doa, na doa hukaa miezi, pengine mwaka. Kila kitu kinachowasha, kinachochoma, kinachokwaruza au kinachobinya hulizidisha weusi. Kwa hiyo kila utakaposhika kitu ukitaka kumpaka mtoto usoni, jiulize kwanza kama kitamwasha.

Tuanze na maji, maana Lamu maji ni habari kubwa. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vina chumvi-chumvi. Maji ya namna hiyo huwa na chokaa pia. Sabuni haitoi povu, mtu anaongeza sabuni, na kile chokaa kinashikana na sabuni kuwa utando unaobaki kwenye ngozi. Baada ya dakika kumi mtoto analalamika uso unambana. Kubana huko wengi hukuita usafi, kumbe ngozi imekauka na imeanza kuwashwa. Kama kisima chako kina chumvi, wekea uso wake maji matamu, ya mvua au ya bomba. Hayahitajiki mengi: jagi la nusu lita linatosha kuosha na kusuuza. Yawe ya kawaida tu, yasiwe ya moto.

Sabuni ya kipande tunayoogea huwa kali kwa uso. Kipimo chake cha pH, yaani cha tindikali na magadi, ni kama 9 hadi 10, na ngozi yenyewe hukaa kwenye 5 au chini yake kidogo. Sabuni ya kufulia na zile za kuua vijidudu zenye harufu ya hospitali ziondoe kabisa, maana chunusi hazitokani na vijidudu vya kushikwa njiani. Tafuta sabuni laini ya maji ya kunawia uso, isiyo na manukato wala chembe za kusugulia, iliyoandikwa kwamba ni ya ngozi nyepesi kudhurika. Ukiikosa, sabuni ya mtoto mchanga isiyo na harufu itafaa.

Kunawa kwenyewe ni hivi. Mtoto anaosha mikono kwanza. Analowanisha uso, anachukua sabuni kiasi cha punje moja ya mbaazi, anaitoa povu viganjani, ndipo anapaka kwa ncha za vidole, akizungusha taratibu kwa nusu dakika hadi dakika moja: paji, pua, kidevu, na kando ya nywele ambako watoto wengi hupasahau. Anasuuza mara tano au sita, kwa sababu sabuni inayobaki chini ya taya huleta muwasho ambao utaudhania chunusi mpya. Anajikausha kwa kugandamiza taulo lake mwenyewe, bila kufuta. Asubuhi mara moja, usiku mara moja, basi. Akitoka mpirani au kuogelea, asuuze chumvi na jasho kwa maji matupu.

Hapo mzazi atauliza: na udhu je? Mtoto anayeswali sala tano anaosha uso mara tano, na hilo halina madhara yoyote maadamu ni maji peke yake. Makosa ni kuongeza sabuni kila anapotawadha kwa kudhani ndio atapona haraka. Panga mambo yafuate sala: sabuni na losheni asubuhi baada ya Alfajiri kabla ya kwenda shule, na usiku baada ya Isha sabuni, losheni, na dawa kama ipo. Dawa ikipakwa baada ya Isha inakaa mpaka alfajiri bila kuoshwa. Kuhusu losheni nzito na maji ya udhu kufika kwenye ngozi, muulize mwalimu wake wa madrasa. Mimi nitasema tu kwamba losheni nyepesi inayonyweka haraka ndiyo inayofaa chunusi vilevile.

Losheni inahitajika hata kama uso una mafuta. Ngozi iliyokauka huwashwa upesi, na dawa nyingi za chunusi hukausha. Chukua isiyo na manukato, ya majimaji, iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu vya ngozi. Punje mbili za mbaazi zinatosha uso mzima, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando hayana ubaya ambao watu huyasingizia, lakini kwa joto la kaskazi, Desemba mpaka Machi, hufungia jasho na kuleta harara juu ya chunusi. Yaache kwa midomo na visigino.

Mafuta ya nazi ni jambo jingine, na najua nagusa kitu kipenzi. Kwa nywele ni mazuri. Kwenye uso wa mtoto mwenye chunusi huziba vitundu, na hata usipoyapaka usoni hushuka yenyewe kutoka kichwani. Ukiona vipele vimejipanga kwenye ukingo wa nywele na pajini, ilhali mashavu ni safi, shuku mafuta ya nywele kabla ya kitu kingine. Anza kuyapaka upana wa vidole viwili nyuma ya ukingo wa nywele, suka, kisha mtoto anawe uso baada ya kusukwa. Ukibadili hilo peke yake, paji la watoto wengi husafika kwa mwezi mmoja au miwili bila dawa yoyote.

Mtandio nao uangalie. Kile kitambaa cha ndani kinachobana paji, kikiwa cha nailoni, kinashika jasho na kusugua kutwa. Nunua vya pamba, vinne au vitano, abadilishe kila siku, na siku za joto kali ahifadhi kimoja mkobani cha kubadili adhuhuri. Vifue kwa sabuni kidogo na uvisuuze vizuri. Mvulana wa kofia ni vivyo hivyo, maana kofia huvaliwa wiki nzima bila kufuliwa. Foronya ibadilishe mara mbili kwa wiki.

Sasa vya kutopaka. Ndimu ni ya kwanza: maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi mbaya kuliko chunusi iliyokuwapo. Dawa ya meno huchoma. Karafuu iliyosagwa vilevile. Singo na liwa, vile vipodozi vya kunukia vya maharusi wa pwani, vina heshima yake, na siku ya harusi vipakwe, lakini chembe zake hukwaruza chunusi na manukato yake huwasha. Shubiri likikatwa hutoa utomvu wa manjano unaowasha, na watu hupaka lote pamoja. Halafu kuna seramu zenye retinoli na asidi, ambazo mabinti wa miaka kumi huziona kwenye simu na kuziomba. Zile ni za kuondoa makunyanzi ya watu wazima. Mtoto hana kunyanzi hata moja.

Lakini ninachokiogopa kuliko vyote ni krimu za kuchanganywa, za vikopo visivyo na lebo, zinazosifiwa kwamba «zinasafisha uso kwa siku tatu». Ni kweli husafisha. Nyingi huwa na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, ambazo huzima uvimbe papo hapo. Ngozi inatulia, inang'aa, mama anafurahi na kumwambia jirani. Baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, na vipele vinarudi vingi, vyote vya ukubwa mmoja, na kila ukiacha kupaka vinalipuka upya. Nyingine huwa na zebaki au hidrokwinoni ya kuchubua rangi ya ngozi, ambavyo Kenya imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo na ubongo. Mtoto akiwa ameshapakwa kitu cha namna hii kwa wiki nyingi, mpeleke kwa daktari na hicho kikopo mkononi, umweleze ukweli. Hatakugombeza, anataka kujua tu kilichomo.

Kama baada ya wiki sita za kunawa vizuri, mafuta ya nywele yakiwa mbali na paji, bado vipele vinaongezeka, ndipo dawa inaingia, na ni moja tu. Benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kupaka, ya asilimia 2.5 ndiyo ya kuanzia. Ya asilimia 10 haiponyi zaidi, inaunguza zaidi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 12 zungumza kwanza na mfamasia au daktari. Ijaribu chini ya taya usiku tatu. Ngozi isipovimba, paka punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, ukiepuka macho, pembe za pua na midomo. Isitonwe juu ya kila kipele, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuzuia vile ambavyo havijatokeza. Ngozi ikibabuka, acha siku tatu uongeze losheni, kisha rudi kwa kupaka dakika kumi na kuosha. Na jihadhari na nguo: dawa hii huchujua rangi. Mtandio mweusi utapata mabaka ya kahawia, leso yako mpya itaharibika. Foronya iwe nyeupe, mikono ioshwe, dawa ikauke kabla mtoto hajalala.

Dawa ya chunusi kwa kawaida haionyeshi kazi yake vizuri kabla ya wiki sita hadi nane. Wengi huacha wiki ya pili, wakahamia nyingine, wakarudia, na mtoto anaishia na uso uliochubuka kwa dawa nne ambazo hakuna iliyopewa nafasi. Piga picha kwenye dirisha lilelile kila Ijumaa asubuhi. Macho husahau, picha hukumbuka.

Madoa yanataka kivuli na losheni ya kukinga jua, yenye kipimo cha kinga (SPF) 30 au zaidi, mtoto anapokwenda pwani au akikaa mashuani. Kipimo ni mistari miwili kwenye vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, irudiwe kila saa mbili na akitoka majini.

Vipo vipele visivyo chunusi. Vikiwa vingi, vidogo, vyote sawasawa, vimejaa pajini au mgongoni na vinawasha hasa akitoka jasho, huenda ni fangasi wa kwenye vitundu vya nywele. Dawa ya chunusi haitavimaliza, na antibayotiki huvizidisha. Fangasi hao hupenda joto na unyevu wa huku. Mwonyeshe daktari.

Chakula sikifanyii ugomvi. Vitu vya sukari nyingi huweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu, kwa hiyo punguza soda na juisi za pakiti. Mahamri kwa mbaazi asubuhi mwache mtoto ale.

Na mikono. Ukikibinya kipele, usaha nusu hutoka na nusu husukumwa ndani, uvimbe ukazidi. Kikiwa kinauma, funga barafu kwenye kitambaa safi ukiweke dakika mbili tatu. Mtoto anayejichokonoa akiwa anasoma, mpunguze kucha, umpe kitu cha kushika. Usimpige kofi mkononi. Na bibi, shangazi na wageni waombwe kwa adabu wasiuzungumzie uso wake sebuleni. Mtoto aliyeaibishwa leo huenda kesho akajifungia chooni na ndimu.

Usingoje kwenda hospitali kama ana chini ya miaka 7, au vipele vimekuja pamoja na jasho la harufu ya watu wazima au nywele za mwili mapema mno, au vimekuwa vinundu vinavyouma chini ya ngozi, au vinaacha mashimo, au ameanza kukataa kwenda shule kwa ajili ya uso wake. Daktari anaweza kuongeza adapaleni, dawa ya kupaka inayozuia vitundu kuziba; Marekani mchanganyiko wake na benzoili peroksaidi umeidhinishwa kuanzia miaka 9. Antibayotiki zilizobaki kabatini usimpe. Zile za jamii ya tetrasaiklini hutia meno rangi kwa walio chini ya miaka 8, kwa hiyo kama mtoto ana mdogo wake ndani ya nyumba, zifungie mbali na wote wawili.