Miale Miwili ya Tochi: Nilivyowapata Vinyonga na Vyura wa Nairobi

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, kwenye uwanja wa nyasi huko Ruai, mashariki mwa Nairobi, nilipiga magoti kwenye tope jeusi nikamwona kwa macho yangu chura ambaye nilikuwa nimemsikia kwa misimu miwili ya masika bila kumpata hata mara moja. Furaha niliyoipata usiku ule bado ninayo. Ninaandika jinsi nilivyofika pale kwa sababu karibu kila ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa wa kupotosha, na ulinigharimu mwaka mzima.

Uraibu wangu ni kuwatafuta wanyama watambaao na amfibia, kuwatazama, kuwapiga picha na kuwaacha pale pale nilipowakuta. Sifugi yeyote, na nyoka simshiki. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali, lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, sioni raha ya kumtia kinyonga kwenye kopo ilhali nimepanda matatu mbili ili nimwone akiwa kwake.

Ushauri wa kwanza nilipewa na mwenzangu kazini, mtu mwenye nia njema kabisa. Aliniambia, "Ndugu yangu, mijusi na nyoka ni wanyama wa jua. Nenda saa sita mchana, pindua mawe, utawaona mpaka uchoke." Nilikwenda mwezi wa Julai, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, baada ya kumwomba ruhusa mwenye kiwanja. Anayeijua Nairobi anaijua Julai yake: mawingu mazito tangu asubuhi, ubaridi unaopenya sweta, na jua linalochungulia dakika tano kisha likatoweka. Nilipindua mawe tangu saa sita hadi karibu saa tisa, nikiyahesabu, na nilipofika mia moja na sitini niliacha kuhesabu kwa uchovu. Nilipata nge wawili na jongoo wengi, na chini ya jiwe moja bapa nikamkuta mjusi mdogo mwenye ngozi laini inayong'aa. Nilipomgusa kwa haraka ili asikimbie, alikatika mkia, akatokomea kwenye ufa, nao mkia ukabaki ukijipinda juu ya kokoto kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mjusi huweka akiba ya mafuta kwenye mkia wake, na kuotesha mwingine humgharimu chakula kingi. Nilihuzunika kwamba kiumbe pekee niliyempata siku ile nilimwacha akiwa maskini kuliko nilivyomkuta. Nikiwa nimeinama nikiutazama mkia ule, siafu walikuwa wamekwisha kunipanda hadi magotini.

Baadaye ndipo nilipoelewa kosa lilikuwa wapi. Mnyama asiyezalisha joto lake mwenyewe hana haja ya kutoka siku ambayo hakuna joto la kuota. Hukaa ndani kabisa ya nyufa na vichuguu, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Tena jiwe lililokaa mahali pakavu huwa halina kitu, na kila unapoling'oa bila kulirudisha vile vile unaondoa unyevu uliochukua miezi kukusanyika. Siku hizi napindua mawe machache sana, na kwa njia moja tu: nauinua ukingo ulio mbali nami, nikilivuta jiwe kuja upande wangu, ili uwazi utazame ng'ambo na jiwe lenyewe libaki kuwa ngao kati ya miguu yangu na chochote kilicho chini yake. Hilo hakuna aliyeniambia mwanzoni, na ndilo lililopaswa kuwa la kwanza kuambiwa.

Jambo la pili ambalo sikuambiwa ni kwamba Nairobi si sehemu moja. Mji huu umekaa mpakani. Upande wa magharibi, kuanzia Dagoretti hadi Karen, ni nyanda za juu zenye udongo mwekundu, ardhi iliyokuwa msitu, yenye ukungu na bustani za kijani mwaka mzima. Upande wa mashariki, kuanzia Embakasi hadi Ruai, ni mwanzo wa nyanda za Athi zenye nyasi, miti michache, na udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa viatu wakati wa mvua. Nauli nyingi nilizipoteza kwa kutafuta mnyama wa upande mmoja katika upande mwingine.

Kinyonga wa pembe tatu nilimpata Dagoretti, kwenye ua la kayaba, yaani uzio wa mimea ya miiba, la shangazi yangu. Mchana nilikuwa nimelipita ua lile mara nyingi nisione kitu, kwa kuwa kinyonga aliye macho akikuona huzunguka upande wa pili wa tawi na kulifanya tawi liwe pazia lake. Usiku mambo hugeuka. Kinyonga hulala kwenye ncha za matawi membamba, mahali ambapo nyoka akija kitawi kitatikisika na kumwamsha, na akilala rangi yake hupauka. Ukipitisha mwanga wa tochi polepole juu ya majani, majani yanabaki ya kijani iliyokolea, lakini kinyonga anajitokeza mweupe mweupe kama jani lililokua gizani. Siri ya pili ni mahali pa kuishikia tochi. Ukiishikia kiunoni, mwanga unarudi kwa pembe usiyoiona. Iweke kando ya jicho, usawa wa kipaji cha uso, na utaona vitu ambavyo mwenzako aliye hatua moja kutoka kwako havioni. Ndiyo maana nilinunua tochi ya kuvaa kichwani, kwa shilingi elfu moja na kitu hivi, na sijawahi kutumia pesa vizuri zaidi katika uraibu huu.

Nilianza saa mbili usiku. Hatua mbili, nasimama, naliangalia ua kuanzia chini hadi juu, kisha hatua mbili tena. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na shuka begani.

"Wewe, ukimpata huyo mnyama wa mkosi usimlete karibu na nyumba yangu."

"Shangazi, simleti popote. Nitamwangalia tu."

Nilimwona kwenye kona, karibu na tangi la maji, kwenye urefu wa kifua changu. Alikuwa dume, na pembe zake tatu zilikuwa zimeelekea mbele, moja puani na mbili juu ya macho, kila moja ikiwa na mizunguko midogo kama pete zilizopangwa juu ya kijiti. Mkia wake ulikuwa umekunjwa kama koili ya dawa ya mbu. Macho yale yanayozunguka kila upande yalikuwa yamefumbwa, kila moja likiwa tumba dogo lenye chunjuachunjua, na miguu yake ililishika tawi kama koleo. Sikumgusa. Nilipunguza mwanga, nikapiga picha mbili, nikamwita shangazi kwa sauti ya chini.

Alikuja kwa kusitasita. Alinisimulia hadithi aliyosimuliwa na nyanya yake, inayosimuliwa kwa namna mbalimbali katika jamii nyingi za Wabantu, kwamba kinyonga ndiye aliyetumwa na Mungu kuwaambia watu hawatakufa, akachelewa njiani, na mjumbe mwingine akafika na habari ya kifo. Watu hawajamsamehe hadi leo. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamweleza ninayoyajua: kwamba pembe zile dume huzitumia kusukumana na madume wenzake kwenye tawi, kwamba jina lake la kisayansi leo ni Trioceros jacksonii, na wataalamu walimpa hilo la jacksonii mwaka 1896, na kwamba mwaka 1972 baadhi yao walipelekwa kutoka Kenya hadi Hawaii kuuzwa, wakaachiliwa, na sasa wanazaana huko porini.

"Kumbe wametutangulia kupanda ndege," akasema, na kwa mara ya kwanza akasogea kumtazama vizuri. "Na mayai yao wanayaweka wapi? Sijawahi kuyaona."

Nilimjibu kwamba kinyonga huyu hatagi, huzaa. Katika nyanda za juu ardhi ni baridi, na mayai yaliyofukiwa yangechelewa sana kukua. Mama akiwabeba watoto tumboni anaweza kuota jua kwa niaba yao. Miezi kadhaa baadaye shangazi mwenyewe alinipigia simu kuniambia kwamba uani mwake kuna vinyonga wadogo kuliko kidole cha mwisho, na kwamba amemkataza kijana anayekata ua asiliguse mpaka wakue. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko picha zangu zote.

Lakini chura wa Ruai ndiye aliyenihangaisha. Jina lake la kisayansi ni Kassina senegalensis, na sauti yake ni kama tone kubwa la maji linaloangukia mtungi uliojaa nusu: "kwoip!" Mmoja akiita, wa jirani anajibu, na wa mbele yake anajibu, mpaka uwanja mzima unaitikia kisha unanyamaza ghafla. Ukisikiliza ukiwa peke yako, unaapa kwamba yuko futi mbili mbele yako. Unasogea, ananyamaza. Unasubiri robo saa, anaita tena, na sasa yuko nyuma yako. Huita akiwa amejificha chini ya matita ya nyasi, na sauti yake haionyeshi inakotoka. Msimu wa kwanza nilikwenda mara nne, wa pili mara tano, na nilirudi nyumbani usiku wa manane nikiwa nimelowa hadi mapajani. Watu walinishauri nipige nyasi kwa fimbo ili aruke. Ushauri huo ni mbaya mara mbili: chura huyu haruki hovyo, hutembea na kukimbia, na katika nyasi zile hulala moma, nyoka ambaye hakimbii mtu bali hutulia kwa kuamini kwamba hajaonekana. Kupiga nyasi gizani ni kumchokoza.

Kuhusu moma nitasema hivi, kwa kuwa nimekwisha kuuziwa lile jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu. Halinyonyi chochote. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na tiba yake ni dawa ya kuzuia sumu inayotolewa hospitalini. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na saa, tuliza kiungo, uende upesi. Mimi huvaa gambuti nzito nilizonunua soko la Gikomba kwa bei ya kupatana, wala sitii mkono mahali ambapo sijamulika. Gambuti hizo huzisugua kwa klorini na kuzikausha kila ninapohama kutoka bwawa moja hadi jingine, kwa sababu kuna kuvu anayewaua vyura ambaye husafiri kwa maji na matope.

Ujanja ulionipa ushindi niliupata kwa kufikiri juu ya mafundi wanaopima viwanja, ambao hukipata kituo cha mbali kwa kukielekezea kutoka sehemu mbili. Nilimwomba binamu yangu, anayeishi karibu na uwanja ule, asimame hatua kama kumi na tano upande wangu wa kulia. Tulizima tochi na kukaa kimya, mvua ikiwa imekatika saa moja kabla. Tulikubaliana kwamba chura mmoja akiita mara tatu, kila mmoja wetu atanyoosha mkono kuelekea anakohisi sauti inatoka, kisha nikikohoa tutawasha tochi bila kuusogeza mkono. Aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikakohoa. Miale miwili ikapita juu ya nyasi na kukutana kwenye tita moja dogo, hatua tatu kando ya mahali ambapo ningeapa kwamba yupo.

Nilikwenda polepole nikapiga magoti. Niliyatenganisha majani kwa kijiti, moja baada ya jingine, mpaka nikaona mstari mweusi, kisha mwingine sambamba nao. Alikuwa mrefu kama dole gumba langu, mwili wa kijivu unaoelekea manjano, na mistari myeusi iliyonyooka mgongoni kama kitambaa cha kikoi. Mboni ya jicho lake ilikuwa imesimama wima kama ya paka. Kidevu kilikuwa bado kimelegea kutokana na kuita.

"Ndiye huyo?" binamu yangu akanong'ona. "Mdogo hivi, na kelele zote zile?"

Nilipiga picha tatu, moja tu ikatoka vizuri. Kisha chura akanyanyua mguu mmoja, akanyanyua mwingine, akatembea kama mtu anayevuka barabara bila haraka, akaingia chini ya tita lililofuata. Tulizima tochi. Kabla hatujainuka, alianza tena kuita, karibu na goti langu, na wa ng'ambo ya kidimbwi akamjibu.