Siku Niliyochagua Tiara Yangu ya Kwanza ya Kuvuta

Wiki mbili baada ya Idd el Fitri ya mwaka 2017, likizo ikiwa haijamalizika, nilipanda daladala ya Paje kutoka mjini Unguja nikiwa na azma moja tu, nayo ni kununua tiara ya kuvuta, yaani kishada chenye nguvu ya kumvuta mtu. Kusi lilikuwa limekwisha kushika, na kila jioni utabiri wa hali ya hewa ulitaja upepo wa kusini mashariki unaofikia kilomita 30 kwa saa katika pwani yetu. Nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule ya sekondari, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwachorea wanafunzi mishale ya kani ubaoni bila ya mimi mwenyewe kupata kuishika kani ya upepo mikononi. Nilitaka kuishika, tena nchi kavu, juu ya mchanga, kwa sababu kuingia majini na ubao miguuni ni elimu nyingine ambayo nilikuwa nimeiahirisha kwa makusudi.

Tiara ninayoizungumzia haifanani na zile za mfuko wa nailoni na chelewa ambazo watoto wa Unguja huzirusha juu ya mapaa. Ile ya watoto ina uzi mmoja, hupanda, hutulia, na kazi yake ni kukaa juu. Tiara ya kuvuta ina nyuzi mbili, tatu au nne, na mrushaji huiongoza akaipeleka penye nguvu au akaitoa. Mbele ya mtu aliyeupa upepo mgongo pana eneo lililo kama robo ya tufe: pembeni kushoto, pembeni kulia na juu ya utosi tiara huwa pole, lakini ikipita katikati, chini kidogo, moja kwa moja upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, huvuta kwa nguvu zake zote. Hayo niliyajua kwa kusoma. Nisilolijua ni tiara ipi inamfaa mtu ambaye mikono yake haijayazoea.

Muuzaji alikuwa kijana wa Jambiani aliyefundisha wageni kuteleza juu ya maji kwa tiara, na katika banda lake la makuti alikuwa na vifaa ambavyo wageni walimwachia au walimuuzia walipokuwa wakirudi kwao. Nilimweleza kwamba nina uzito wa kilo 58, kwamba sina haraka ya kuingia baharini, na kwamba nataka inivute kwelikweli, si kunichezea tu.

“Mwalimu, usiniulize ipi inavuta,” alinijibu. “Kwa kusi hili zote zinavuta. Niulize kila moja inaachaje kuvuta, kisha uchague.”

Nimewasikia watu wengi wakitoa ushauri kuhusu tiara tangu siku ile, na sijasikia ulio bora kuliko huo.

Alitandika nne mchangani, akazifukia kingo zake kwa mchanga ili zisipeperuke. Ya kwanza ilikuwa kubwa, mita za mraba 12, ya aina inayojazwa upepo kwa pampu kwenye ukingo wake wa mbele. Aina hiyo ilitokana na hataza ya mwaka 1984 ya ndugu wawili wa Brittany nchini Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ambao walitaka tiara ambayo ikianguka baharini itaelea na kurushwa tena. Bei yake ilikuwa ndogo mno kwa kifaa cha namna ile, kwa kuwa mwenyewe alikuwa anaondoka kesho yake na hakutaka kuubeba mzigo. Ya pili ilikuwa nyekundu, mita za mraba 5, ndefu na nyembamba kama bawa la membe, yenye nyuzi nne. Ya tatu ilikuwa ndogo, mita za mraba 2, yenye nyuzi mbili zinazoishia kwenye vitanzi vya kushikia, bila breki wala kifaa chochote cha usalama. Ya nne ilikuwa ya mita za mraba 3, fupi na pana, yenye nyuzi nne na vishikio viwili, na rangi yake ya samawati ilikuwa imeanza kufifia.

Hizo tatu za mwisho hazikuwa na kijiti hata kimoja. Zilikuwa za vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja kwa kuta za ndani, zikafanya vyumba vyenye midomo wazi upande wa mbele, ili upepo uingie na kuvijaza vikawa bawa. Ubunifu huo ni wa Domina Jalbert katika miaka ya 1960, na kwa mwanafunzi una faida kubwa, kwa sababu tiara ya namna hiyo ikijigonga mchangani kwa kishindo hakuna cha kuvunjika. Ila ikiangukia majini, midomo ile huyanywa maji, na kuitoa ni kazi nzito.

Nilitoa daftari. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo upepo ukitoka kilomita 15 kwa saa ukafika 30, mvuto haukui mara mbili, bali mara nne. Kwa makadirio mepesi ya darasani, upepo wa kilomita 30 kwa saa hukisukuma kila kipande cha mita moja ya mraba kwa kani ya nyutoni 42 hivi. Tiara ya mita 3 ingenivuta kama mzigo wa kilo 12 na ushei, na ile ya mita 12 kama kilo 50, hata kabla ya kusogea. Lakini tiara haikai tu. Ikikata katikati ya upepo huruka kwa kasi, na upepo inaoukuta wenyewe huongezeka. Ukiongezeka mara mbili tu, ile ya mita 3 hufikia kilo 50 kwa muda mfupi, ile ya mita 5 hupita kilo 80, na ile kubwa hufikia kilo 200. Nilipomwonesha muuzaji hesabu hiyo, aliizungusha tiara ya mita 12 bila ya neno, akaanza kuitoa upepo. Bei ndogo ilikuwa imekwisha kunishawishi kidogo, na ninaamini kwamba vijana wengi wa pwani hii huanza na tiara iliyowazidi kwa sababu hiyo hiyo: kilicho rahisi sokoni ni kile ambacho mgeni amechoka kukibeba.

Maji yalikuwa bamvua, na saa nne ya asubuhi bahari ilikuwa imepwa hadi karibu na mwamba, ikaacha uwanja mkubwa wa mchanga mgumu, wenye vidimbwi hapa na pale. Paje ina bahati hiyo. Kusi hufika likitoka baharini, halijakutana na mnazi wala paa, kwa hiyo huja laini na sawasawa, ilhali upepo unaopita juu ya majumba hufika umekatikakatika na kuidondosha tiara bila ya onyo. Tulitembea mpaka tukayaacha mashamba ya mwani mbali upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Mama yangu mkubwa alikuwa huko na wenzake, akiinama kati ya vigingi na kamba. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na yeye alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia mapema. Alipotuona alisimama, akanyoosha mgongo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hilo dubwana unalipeleka wapi?”

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mara moja tiara kubwa ya mgeni ilianguka juu ya kamba zao, ikaburutwa na upepo, ikang'oa vigingi vya mstari mzima, na mwani wa wiki nyingi ukaenda na maji. “Chukua ambayo ikianguka utaiwahi mwenyewe,” alisema, “tena usiirushe huku wakati sisi tumeinama.” Nilimwahidi, na ahadi hiyo ikaingia katika uchaguzi wangu sawa na hesabu za kwenye daftari, kwa kuwa uwanja ule si wa warusha tiara peke yao.

Tulianza na ile ndogo ya nyuzi mbili. Ilinyanyuka mara moja, ikaitii mikono: kuvuta kulia ikaenda kulia, kuvuta kushoto ikaenda kushoto. Ilipendeza sana, na mvuto wake ulikuwa wa adabu. Lakini nilipomuuliza muuzaji swali lake mwenyewe, yaani inaachaje kuvuta, alijibu kwa unyofu kwamba ukiviachia vitanzi vyote tiara huondoka navyo, na ukiachia kimoja huzunguka ovyo. Kuna za nyuzi tatu, zenye fimbo ya kuongozea, ambazo ukiiachia fimbo uzi wa tatu huizima tiara, nazo humfaa zaidi anayetaka kuhamia majini upesi, kwa kuwa mikono hujifunza fimbo tangu mwanzo. Yeye hakuwa nayo siku ile.

Nyekundu hakunipa. Aliirusha yeye, akanitaka nisimame kando nitazame visigino vyake. Ilipopita katikati ya upepo, visigino vilichora mitaro miwili mchangani, na yeye ni mtu mzito kuliko mimi kwa mbali. Kisha aliipeleka juu ya utosi, ikapitiliza kidogo kuliko inavyotakiwa, ukingo wake ukajikunja, ikaporomoka, na kabla ya kufika chini ikafunguka ghafla na kumvuta tena. Tiara ndefu na nyembamba ndivyo zilivyo: zina kasi na uwezo, nazo humtaka mrushaji aliyezoea kuuhisi uzi unapolegea. Ile fupi na pana ni nzito wa mwendo, lakini hujikunja kwa nadra, na hilo ndilo analolihitaji mtu ambaye bado anafikiri kabla ya kuvuta.

Ya samawati alinifunga mikanda yake kwenye vifundo vya mikono kabla ya kunipa vishikio. Mikanda hiyo imeungwa na nyuzi mbili za breki, zinazoshika ukingo wa nyuma wa tiara. Niliirusha, nikaipandisha, nikaishusha pembeni, na mvuto ukaja taratibu kupitia mabegani hadi kwenye nyonga, ukanitaka nikae nyuma kama mtu anayekalia kiti. Mishale yangu yote ya ubaoni ilikuwa mle. Nilipokuwa bado naishangilia, alisema kwa sauti: “Achia!” Nikaviachia vishikio. Breki zikakaza, nyuzi za mbele zikalegea, na tiara ikaanguka kinyumenyume, ikajilaza mchangani ikipepea bila ya nguvu yoyote. Alinitaka nirudie, safari hii tiara ikiwa katikati kabisa ya upepo, na ikafanya vilevile. Hapo nilikata shauri.

Kilichobaki kilikuwa kukagua, kwa kuwa ilikuwa imetumika. Tuliinua kitambaa tukakielekeza kwenye jua kutafuta vitobo; nilikifikicha kwa vidole kusikia kama bado kinakwaruza, maana nailoni iliyoliwa na jua hulegea kama kanga kuukuu. Tulikung'uta mchanga vyumbani, tukapitia mishono na kila uzi mdogo wa hatamu, yaani zile zinazokiunga kitambaa na nyuzi kuu. Mwisho tulifunga ncha za nyuzi zote nne kwenye shina la mvinje, tukazinyoosha pamoja. Zilikuwa za Dyneema, aina ya nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, ambazo haziliwi na chumvi lakini huyeyuka zikisuguliwa na uzi mwingine uliokazwa, na kwa hiyo alinionya nisiikaribie tiara ya mtu mwingine ikiwa hewani. Zile mbili za mbele, ambazo ndizo zibebazo mzigo, zilikuwa zimerefuka kuliko za breki kwa upana wa kidole. Ikirushwa hivyo, breki hubaki zimekamatwa kidogo muda wote na tiara hurudi nyuma badala ya kupanda vizuri. Alifungua vifundo, akazisawazisha, akanionesha namna ya kulifanya hilo mwenyewe kila baada ya muda. Nilimwomba apunguze bei kwa ajili ya ile rangi iliyofifia; akapunguza kidogo, akaongeza mfuko wa kubebea na kigingi cha kuifungia tiara ikiwa chini, nami nikamlipa fedha taslimu maji yakiwa yameanza kurudi.