Oksijeni sensa iliyoganda kwenye ekzosi

Gari zinazolala Paje, Jambiani na Makunduchi, pwani ya Unguja, huganda sensa vibaya kuliko za mjini. Kusi ikivuma, rasharasha za chumvi hufika hadi uvunguni. Ekzosi inapata moto, inapoa, na kila mara kutu inaongezeka kwenye meno ya sensa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana sensa inabanwa kama imechomelewa.

Sensa mbovu inakwenda jaani. Cha kulinda ni kitako, ile nati nene iliyochomelewa kwenye bomba, maana meno yake yakifa kazi inahamia kwa mchomeleaji.

Kama kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari ni P0135 (saketi ya hita ya sensa), angalia kwanza fyuzi na waya za hita. Huenda sensa haina kosa. Tazama pia inavyofungwa. Toyota kadhaa za zamani zina nati mbili ndogo za spana 12. Hizo ni hadithi nyingine. Zilizobaki, nyingi ni spana 22, meno M18 hatua 1.5 (kipenyo milimita 18, jino hadi jino milimita 1.5).

Sensa mpya iwe mkononi kabla ya kuanza. Ya kuagiza Dar ikikosa boti, gari itakaa juu ya stendi.

Jioni pulizia mafuta ya kupenya kwenye ungio, asubuhi rudia. Ile soketi yenye mwanya wa kupitishia waya haifai kwa sensa iliyoganda: ukiilazimisha inapanuka na kuviringisha pembe za sensa. Kata waya, uivalishe sensa spana ya ringi au soketi ndefu ya pembe sita. Ikiwa sensa mpya haina plagi yake, kata karibu na sensa, ubakishe waya mrefu upande wa plagi.

Washa injini dakika kumi, zima, jaribu chuma kikiwa bado moto, na glavu nene mkononi. Ikikataa, tumia moto wa gesi. Choma kitako peke yake kizunguke chote mpaka kianze wekundu hafifu, ili kipanuke kiiachie sensa. Usichome juu ya mafuta uliyopulizia sasa hivi, na paipu za petroli na breki zikingwe kwa bati. Ondoa moto, ngoja wekundu uishe, kisha gusisha mshumaa kwenye ungio: nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya meno. Kwa sensa za huku kwetu, mshumaa huu unashinda chupa nyingi za dukani.

Ikianza kwenda, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanafurahi, wanavuta moja kwa moja. Legeza robo, kaza kidogo, ongeza mafuta, legeza tena. Ukihisi inazidi kuwa ngumu kadiri inavyotoka, simama na urudi nyuma: chembe za kutu zimeziba na zinakata meno. Inaweza kuchukua nusu saa. Iache ichukue.

Ikishatoka, pitisha tapu (chombo cha kuchonga meno) ya M18 kwa 1.5 iliyopakwa grisi ili inase vumbi la chuma lisiangukie kwenye masega ya katalisti, kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Tapu ianze kwa vidole. Ikiingia upande, kitako kimekwisha. Meno yakiwa yamekatika, chomelea kitako kipya, na sensa mpya isiwepo wakati wa kuchomelea.

Sensa mpya nyingi huja na dawa ya kuzuia kuganda kwenye meno. Kama haina, paka ya shaba au nikeli, nyembamba, isiguse ncha. Grisi ya kawaida itaungua, na silikoni inaua sensa. Ingiza kwa mkono mizunguko mitatu au zaidi, kaza kiasi cha Nm 40 hadi 45, plagi iwe ya mwisho ili waya usijisokote.

Washa injini ikiwa baridi na usikilize kitako. Kikipumua, hewa ya nje itaingia, sensa itaona oksijeni isiyotoka kwenye injini, na kompyuta itaongeza petroli bure.