Milimita 8

Oktoba 2014 redio ilitangaza kwamba Darek Fidyka, raia wa Poland aliyepooza kuanzia kifuani kwenda chini, ameanza kutembea tena. Kaka yangu, mkwezi aliyeanguka mnazini akavunjika mgongo, aliniita hata taarifa haijaisha. Nilikuwa nasomea tiba ya viungo, nimerudi likizo Pangani.

"Mdogo wangu, wamemfanyaje? Nieleze yote, usinifiche."

Nilipopata mtandao nikasoma, kisha nikamchorea nyuma ya kalenda. Jamaa alichomwa kisu mgongoni mwaka 2010, ndani ya uti wa mgongo likabaki pengo la milimita 8. Kaka akataka kuziona hizo milimita. Nikampa rula ya mpwa wetu; akabana ukucha wa kidole gumba kwenye alama ya nane, akaukodolea macho.

"Hapa tu ndipo pananilaza?"

Nikamweleza. Mishipa ya fahamu ya mkononi au mguuni ikikatika huweza kuota tena; ya ndani ya uti hukwama, maana kovu huiziba njia na kemikali za pale pale huizuia. Puani ni tofauti. Mishipa ya harufu hufa na kuota upya maisha yote, ikisindikizwa na seli zake maalumu mpaka ndani ya ubongo. Seli hizo ndizo Profesa Geoffrey Raisman wa London alizozitafiti miaka mingi. Mwaka 2012, Dk. Pawel Tabakow na wenzake wa mji wa Wrocław, Poland, walilifungua fuvu la Fidyka, wakazitoa, wakazikuza maabara, wakazidunga juu na chini ya jeraha. Kwenye pengo wakapandikiza vipande vinne vya mshipa wa fahamu kutoka kifundo cha mguu wake, viwe daraja. Vyote vya mwili wake mwenyewe, hivyo haukuvikataa.

Nikamwambia na yaliyobaki: huyo ni mtu mmoja, uti wake ulikatwa na kisu ilhali wa kwako ulipondwa, na anatembea kwa kushikilia fremu ya kutembelea. Waliopooza wanauziwa tiba za uongo kila siku. Sikutaka kaka yangu auze shamba. Tena Fidyka alifanya mazoezi masaa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kabla ya upasuaji na baada yake.

Hapo akanikata kauli.

"Masaa matano? Na wewe unaninyoosha nusu saa?"

"Utachoka, kaka."

"Nichoke. Kesho niamshe alfajiri."

Kulipokucha tukaanza na nyonga.