Kutoka Athens hadi Epidaurus: thieta ya Kigiriki kwa karibu

Nilianzia Athens, kwenye mteremko wa kusini wa Akropoli, ilipo thieta ya Dioniso, mungu wa mvinyo na maigizo. Anayetaka kuelewa ramani ya thieta ya Kigiriki asiishie hapa. Viti vya mawe vilijengwa karibu mwaka 330 KK, lakini enzi za Warumi uwanja wa chini ulifanywa nusu duara na kutandikwa vibao vya marumaru. Cha kutazama ni viti vya heshima vya safu ya mbele, hasa kile cha kuhani wa Dioniso, pamoja na ngazi: kila safu ina kidato kimoja tu, kilicholala mshazari na kuchongwa mifuo ili mguu usiteleze.

Barabara ya kwenda Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, huvuka mfereji wa Korintho, kisha huelekea mji wa Nafplio. Wageni wengi hupotelea kwenye majina. Palea Epidavros ni mji wa pwani wenye thieta yake ndogo ya kale. Ile kubwa ya Epidaurus, niliyoifuata mimi, iko bara, katika patakatifu pa Asklepio, mungu wa uponyaji, karibu na kijiji cha Lygourio. Hakikisha na dereva kabla ya kupanda.

Thieta hii ya karne ya 4 KK imelalia ubavu wa kilima. Niliingia kwa njia ya pembeni, kati ya viti na jukwaa. Ziko mbili, kila upande moja, na kwaya, yaani kundi la waimbaji na wachezaji wa mchezo, ilipita humo. Mbele yako ni duara kamili la udongo, upana wake kama mita 20, lenye ukingo wa mawe na jiwe la mviringo katikati. Kati ya duara na safu ya kwanza kuna mfereji. Usiupuuze: mteremko wote huo hutiririshia maji ya mvua chini, na bila mfereji uwanja ungekuwa dimbwi.

Safu za chini ni 34, za juu 21, zikitenganishwa na njia pana. Chini kuna vipande 12 vya viti kati ya ngazi 13. Juu vinakuwa 22 na ngazi 23. Duara linavyotanuka, vipande vingekuwa vipana mno na wa katikati wangehangaika kutoka, ndiyo maana ngazi ziliongezwa. Inama pia utazame kiti chenyewe. Uso wake wa mbele umechongwa kwa ndani ili uvute miguu nyuma, na sehemu ya nyuma ya jiwe imeshushwa kidogo, mahali pa kuweka nyayo za aliyekaa juu yako. Ni ufundi wa kupendeza kweli.

Kuhusu sauti, waongozaji hudondosha sarafu katikati ya duara. Vipimo vya watafiti wa chuo kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, vilivyotangazwa 2017, vilionyesha kwamba mlio wake husikika mbali, ila kuutambua kuwa ni wa sarafu huishia karibu nusu ya safu zote kwenda juu. Mwigizaji anayepaza sauti ndiye anayesikika hadi juu kabisa. Tena kipimo cha leo hakina ukuta wa jukwaa, uliokuwa ukirudisha sauti kwa watazamaji. Pamebaki misingi tu. Ukitaka kuiona misingi hiyo, epuka Julai na Agosti, kwa sababu tamasha la kiangazi huweka jukwaa la muda hapohapo.