Kwanza jangwa la kuigiza, kisha jangwa lenyewe

Fremu ya mlango wa jikoni kwetu Minneapolis ina mistari ya penseli, mmoja kwa kila miezi sita. Mwezi Mei mwanangu mdogo alikuwa akisimama pale kila jioni, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride, miguuni soksi jozi tatu. Alikuwa na sentimita 115. Dada yake alikuwa amemwambia kwamba GhostRider, treni ya mbao ya kupanda na kuporomoka iliyoko Knott's Berry Farm, bustani ya burudani huko California, haimchukui mtu aliye chini ya sentimita 122. Nikampima, nikamweleza ukweli, akarudi chumbani kutafuta jozi ya nne.

Safari yenyewe hapo hata tiketi ilikuwa haijakatwa. Tulikuwa bado tunagombana. Watoto walitaka Disneyland. Baba yao alitaka Death Valley, bonde la California ambako tarehe 10 Julai 1913, pale Furnace Creek, ilipimwa nyuzi joto 56.7, na mpaka leo hiyo ndiyo rekodi ya dunia. Na alitaka twende Julai hiyohiyo. Kwenda Desemba, alisema, ni sawa na kwenda Kilimanjaro ukaishia Moshi mjini.

Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu, alisikiliza yote huku anachambua mchele.

"Mwanangu, nimekuja kwenu nikalala na soksi mwezi wa tano. Sasa mnataka kunipeleka motoni. Huko kuna choo?"

Nikamwambia vipo.

"Basi twende."

Kalamu nikashika mimi. Wengi wanaokwenda kule hukaa Disneyland siku tatu, kisha hukimbilia Las Vegas, na jangwa wanaliona dirishani tu, gari likiwa mbioni. Mimi nilitaka tukanyage mchanga. Lakini jangwa la Julai halina mzaha: wasimamizi wa hifadhi ya Death Valley wenyewe wanawakanya watu wasitembee kwa miguu sehemu za bondeni baada ya saa nne asubuhi. Nazo bustani za burudani, wikendi za likizo ya shule, ni kama stendi ya mabasi mkesha wa Idi. Kwa hiyo bustani tukazipa siku za katikati ya wiki, jangwa tukalipa alfajiri, na saa za mchana nikazitafutia mahali penye kivuli. Hesabu ya maji ikawa lita nne kwa kila mtu kwa siku. Sisi watu watano, siku mbili: lita 40. Baba watoto aliona ni mengi mno, nikamwambia ayaone mengi akiwa hai.

Usiku mmoja, katika kusoma, nikakutana na habari ya Walter Knott, mwanzilishi wa ile Knott's Berry Farm. Alikuwa mkulima tu, akiuza matunda ya boysenberry kando ya barabara pale Buena Park. Mwaka 1934 mkewe, Cordelia, alikaanga kuku akawauzia wateja wanane, akiwapakulia kwenye sahani zake za harusi. Kuku wakapendwa mpaka watu wakawa wanapanga foleni kwa masaa. Mwaka 1940 Knott akaanza kujenga uani kijiji cha kale cha wachimba madini, ili wanaongoja wapate cha kutazama. Yaani bustani nzima imezaliwa na foleni! Kisha mwaka 1951 akanunua mji wenyewe wa wachimba fedha, uliokuwa umehamwa huko jangwa la Mojave, unaitwa Calico. Akaukarabati, na mwaka 1966 akaukabidhi kwa serikali ya wilaya ya San Bernardino. Nikamwamsha baba watoto: tutaona kwanza wa kuigiza, kisha mji wenyewe. Akasema, "Saa nane za usiku hizi," akageukia ukutani.

Los Angeles tulianza vibaya. Kampuni ya kukodisha magari, ambayo sitaitaja, ilitupa gari dogo kuliko tulilolipia. Hilo ningelimeza. Nikafungua buti, nikainua zulia kuangalia spea: hakuna. Kuna pampu ndogo na chupa ya gundi. Yule kijana wa kaunta akaniambia magari mengi ya siku hizi ndivyo yalivyo, na kweli ndivyo yalivyo, lakini mimi nilikuwa naenda mahali ambapo simu hazishiki mtandao. Tulikaa pale saa mbili mpaka likapatikana gari lenye spea. Mama alikaa juu ya sanduku, akanywa chai yake yote iliyokuwa kwenye chupa.

Knott's tuliingia Jumanne. Mitaa ya kile kijiji ina nyumba za mbao zilizochakaa kwa makusudi, na nyingine zimehamishwa kweli kutoka miji iliyokufa. Calico Mine Ride ipo tangu 1960: unapanda kitreni, unaingia mlima wa bandia, ndani kuna sanamu za wachimbaji wakigonga mwamba, na mwisho inavuma baruti ya uongo. Mwanangu yule mdogo alipanda mara tatu. Kwenye GhostRider alikwenda mwenyewe mpaka kwenye fimbo ya kupimia, akajinyoosha, akavuta pumzi akaishikilia. Mhudumu akainama, akatazama nafasi iliyobaki kati ya nywele na fimbo, kama upana wa kiganja, akamwambia kwa upole arudi akikua. Hakulia. Alikwenda kukaa karibu na bibi yake akavua viatu na jozi moja ya soksi.

Kuku hatukula, kwa sababu za dini mnazozijua. Tulikunywa juisi ya boysenberry. Mama alionja, akatoa ulimi kumwonyesha mjukuu wake. Umegeuka rangi ya urujuani.

"Zambarau hizi," akasema. "Zimetiwa sukari zikapewa jina la kizungu."

Disneyland tulikaa siku moja na ilitosha. Ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, siku ya joto kali, na lami ilikuwa bado mbichi kiasi kwamba visigino vya viatu vya akina mama vilikuwa vinazama. Sisi lami haikutumeza, lakini tiketi za watu watano zilitumeza. Nitasema moja tu: Big Thunder Mountain, ile treni inayopita kwenye nguzo za mawe mekundu, imeigwa kutoka Bryce Canyon huko Utah, na kimo inachomdai mpandaji ni sentimita 102. Hapo mwanangu alipita bila kupimwa mara ya pili. Alipotoka alikuwa anatembea kama mwenye nyumba.

Alhamisi tukashika barabara kuu ya I-15. Ukipanda Cajon Pass unaacha mji nyuma, na ukifika juu nchi inafunguka: vichaka vya kijivu, milima myekundu isiyo na mti, na anga ambalo halina kazi. Kila mtu garini alinyamaza. Kupita Barstow kama kilomita 15 unaona neno CALICO limeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe mlimani. Fedha iligunduliwa pale 1881, mji ukajaa wachimbaji, kisha katikati ya miaka ya 1890 bei ya fedha ikaporomoka na watu wakafunga virago.

Tuliposhuka, joto lilitupiga usoni kama unapofunua jiko la mkate. Mama alitafuta bomba, akalowesha kanga, akaikamua nusu, akajifunika kichwani maji yakimdondokea mabegani. Mtaa wa Calico unapanda kilima taratibu. Tulitembea, tukapita duka la pipi, tukasimama mara moja kupiga picha. Juu kabisa nikaigusa ile kanga: kavu, tena imekakamaa kama iliyopigwa pasi.

"Joto la Tanga lina maji," mama akasema. "Hili linayanywa."

Mwanangu alikuwa amesimama katikati ya mtaa, mikono kiunoni.

"Mama, hawa wameiga ile ya Buena Park."

"Hapana baba. Ile ndiyo iliyoigwa kutoka hapa."

"Mbona nyumba ni zilezile? Na mbona hapa hakuna foleni?"

Nikataka kumrekebisha, nikajikuta nimekwama. Nyumba nyingi anazoziona pale si za wachimbaji. Za asili zimebaki chache. Nyingine zilijengwa upya na mtu yuleyule mwenye bustani, kwa kutazama picha za zamani. Mtoto hakukosea sana. Nikampeleka Maggie Mine, mgodi wa kweli unaoingia ndani ya mlima kwa miguu. Mle kulikuwa na ubaridi, na mwamba una alama za nyundo. Aliweka kidole ndani ya tundu moja, akakisukuma mpaka kikagota. Alikaa nalo muda mrefu. Buena Park alikuwa amegusa ukuta kama huo, ukalia ndo, kama pipa tupu. Huu haukulia.

Baker ni mji mdogo tu, lakini una kipimajoto cha futi 134, futi moja kwa kila digrii ya ile rekodi ya 1913 katika hesabu ya Fahrenheit. Siku hiyo kilisoma 113, yaani nyuzi 45 zetu. Tulijaza tangi, tukaiacha barabara kuu, tukaelekea kaskazini kwa njia namba 127, ambako kwa nusu saa tulipishana na gari moja.

Kivuli nilichokitafuta kwenye ramani kiliitwa China Ranch, shamba la tende karibu na Tecopa. Unashuka kwa njia nyembamba ya vumbi katikati ya kuta za udongo uliopauka, unaanza kumlaumu aliyekuleta, halafu chini, ghafla, mitende. Mingi, ya kijani, na kijito kinapita. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mlango. Utotoni kwake tende zilifika Tanga na majahazi ya kaskazi kutoka Ghuba, zimeshindiliwa kwenye makanda mpaka zimekuwa donge moja, unazikata kwa kisu. Hakuwahi kuuona mtende ukiwa na mikungu yake. Alisimama chini ya mmoja, akaangalia juu mpaka kanga ikamdondoka.

Mitende ya Marekani nayo ni wageni kama sisi. Medjool, zile nene wanazozigombea watu mwezi wa Ramadhani, zote za huku zimetokana na machipukizi 11 yaliyoletwa kutoka Morocco mwaka 1927. Yalipofika yakawekwa karantini miaka kadhaa, na walichagua jangwa la Nevada, si mbali na tulipokuwa, ili kama yana ugonjwa usifike kwa mingine. Nilipomsimulia mama akacheka. "Kumbe hata mtende uliombewa viza." Tulikunywa maziwa yaliyosagwa na tende, mazito, kijiko kinasimama. Akanunua kilo mbili na akakataa zisiwekwe kwenye buti.

Tulilala Pahrump, upande wa Nevada, kwa sababu vyumba vya ndani ya hifadhi vilikuwa ghali kwa bajeti yetu iliyokwisha Disneyland. Saa kumi usiku niliwaamsha wote. Kiingilio cha hifadhi kilikuwa dola 30 kwa gari zima kwa siku saba. Baba watoto alikisoma mara mbili, akakilinganisha kwa sauti na tiketi za juzi, nikamwomba aangalie barabara.

Pale Zabriskie Point jua lilitukuta juu ya vilima vya rangi ya kunde na manjano, vimekunjana kama nguo iliyotolewa kwenye beseni. Kabla ya saa moja tulikuwa Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Ukigeuka ukatazama jabali nyuma yako, juu kabisa kuna kibao cheupe kidogo: pale ndipo bahari ingefika. Kipimo cha gari kilisema nyuzi 36, na jua ndio kwanza linatoka. Jina la mahali, yaani "maji mabaya", inasimuliwa, limetokana na mpima ardhi ambaye baghala wake, yule mtoto wa punda na farasi, alikataa kunywa maji ya kidimbwi cha pale.

Mbele ni chumvi, nyeupe, mpaka macho yanachoka. Mama ametoka kwenye mwambao wenye mashamba ya chumvi, kwa hiyo hakushangaa kama sisi. Aliinama, akalowesha kidole, akagusa ardhi, akaonja.

"Ina uchungu kwa mbali. Hii haijaoshwa."

Mwanangu alitembea mbele yetu peke yake, chumvi ikivunjika chini ya viatu. Akasimama. Hakuna fimbo, hakuna kamba, hakuna mhudumu. Akageuka kutuuliza kama anaruhusiwa kuendelea.

Saa tatu tulikuwa tumeshaondoka. Katika lita 40 zilibaki sita, na baba watoto hakusema kitu.

Minneapolis tulifika Jumapili usiku. Kabla sanduku halijafunguliwa nikasikia droo ya jikoni, halafu mtu anaita bibi yake aje na penseli. Nilipofika alikuwa amesimama kwenye fremu, pekupeku, soksi zote amezivua mwenyewe. Rula ilisoma 115 na nusu. Akamtazama bibi yake. Mama akalamba ncha ya penseli, akachora mstari, akaandika 116.